Bwana Haukaliki

Upepo wa ziwani saa nne asubuhi hauna adabu. Jumamosi ile pale Mwigobero, soko la samaki, ulimvamia kijana mmoja mgeni, ukampokonya karatasi zote alizoshika na kuzimwaga juu ya dagaa wa Boke walioanikwa kwenye nyavu kuukuu.

"Wewe kaka!" Boke akafoka. "Hao dagaa ni wa kula, si wa kusomesha!"

Wankyo, aliyekuwa akichagua samaki wadogo wa furu kwenye ungo wa jirani, alicheka kwanza akasaidia baadaye. Siku hiyo hakuwa kazini. Alivaa gauni la kitenge rangi ya chungwa lililombana kiunoni, na kilemba cha kitambaa hicho hicho alikifunga kwa madaha kidogo, kama anayejua kwamba anatazamwa. Kijana naye alivaa suti ya Kaunda rangi ya maziwa, na viatu vyeusi ambavyo bila shaka vilikuwa vinang'aa alipotoka hotelini. Sasa vilikuwa na magamba ya samaki.

Wankyo akaokota karatasi iliyoangukia miguuni pake. Juu yake palipigwa chapa kwa herufi kubwa: JE, MJI WA MUSOMA UNAKALIKA?

"Hiki ndicho umekuja kutuuliza?"

"Ndiyo, dada. Naitwa Clementi Mhando, natoka wizarani, Dar es Salaam." Akanyoosha mkono, akaona umejaa magamba, akaurudisha. "Si unajua mambo ya Madaraka Mikoani? Sasa kuna chuo cha ufundi kinatafutiwa mji. Ama kije hapa, ama kiende mkoa wa jirani. Taarifa yangu itasomwa kikaoni Butiama mwisho wa mwezi huu wa saba."

"Na mpaka sasa umewauliza akina nani?"

"Walioshuka melini. Waliopanga hotelini. Maofisa waliohamishiwa hapa juzi juzi."

"Wote wageni."

"Fomu za wenyeji ziko njiani."

"Zinatokaga wapi?"

"Dar es Salaam," Clementi akajibu, kisha akalisikia jibu lake mwenyewe, akaona haya.

Boke aliyekuwa akikung'uta dagaa akaangua kicheko. Lakini Clementi hakumtazama Boke. Alikuwa amemkazia macho Wankyo, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Sema tena kidogo, dada."

"Niseme nini?"

"Sema, 'Musoma hapa, subiri nikuunganishe.'"

Wankyo akaziba mdomo kwa kiganja. "Kumbe ni wewe! Chumba namba saba! Unayepigaga simu kuuliza saa!"

"Saa yangu iliharibika."

Wote wawili wakatazama saa iliyokuwa mkononi mwake. Ilikuwa ikitembea vizuri kabisa.

Ndivyo walivyoanza. Wankyo alikuwa opareta wa simu mwaka wa tatu sasa, na sauti za wanaume wengi zilikuwa zimepita masikioni mwake zikimsifu, zikimkaripia, zikimwita mke mtarajiwa bila hata kujua sura yake. Hakuwa mtu wa kuyeyushwa na sauti. Lakini huyu alifanya hata mambo ya kawaida yachekeshe. Kila siku saa kumi, kabla zamu haijaisha, taa ya boma, ofisi za serikali alikopewa meza, ilikuwa ikiwaka kwenye ubao wake.

"Musoma hapa."

"Naomba uniunganishe na mtu mmoja mzuri sana."

"Namba yake?"

"Sijapewa. Najua tu kwamba ana mwanya."

"Ndugu, hii ni mali ya umma. Kuna watu wanangoja laini."

"Basi niambie nikungojee wapi, niiachie mali ya umma."

Walikuwa wakikutana kwenye mawe makubwa ya ufukweni, chini ya mlima wa Mukendo, wanakula mahindi ya kuchoma, upepo unawapigia kelele hata inawabidi wasogeleane ili wasikizane. Clementi alimweleza juu ya Magomeni alikokulia, na shamba la michungwa la babu yake kule Muheza. Wankyo alimweleza juu ya nyumbani kwao Bunda, pamba na ng'ombe, na mama yake Mbuke aliyemlea peke yake tangu baba afariki. Jumapili ya tatu, wakitoka misani, Clementi alisimama akaliangalia ziwa, akasema, "Mji wenu ni mzuri, Wankyo." Wankyo akayaweka moyoni maneno yale kuliko yote aliyokwisha kuambiwa.

Jumanne iliyofuata Clementi alikuja posta kupiga simu ya mbali. Wankyo alimuunganisha, akavua visikilizio kama kanuni inavyotaka. Havikuhitajika. Siku hizo ukitaka Dar es Salaam ikusikie ilikubidi upige kelele kana kwamba unaiita kwa mdomo, na kibanda cha simu kilikuwa cha mbao nyembamba.

"Haloo! Haloo! Nasema haukaliki! Nini? Hapana, si haufiki! HAU-KA-LI-KI! Mji haukaliki! Maji siku mbili kwa wiki! Upepo! Vijidudu vya ziwani vinaingia mpaka kwenye chai! Ndiyo! Andika hivyo hivyo!"

Foleni yote iligeuka. Mwalimu mmoja wa mjini, mzaliwa wa Kiriba, aliyeshika fomu ya telegramu, aliguna. "Kumbe huyu ndiye anayetuandika," akasema.

Wankyo alibaki ameketi, mikono juu ya ubao, taa zinawaka na kuzimika mbele yake asizione. Hakuumizwa na maji wala na vijidudu. Hayo aliyajua kabla Clementi hajakanyaga mjini kwao. Aliumizwa na Jumapili ile.

Saa kumi taa ya boma ikawaka.

"Wankyo, mpenzi..."

"Laini zote zina shughuli, ndugu."

"Lakini si ndiyo hii tunazungumza?"

"Na hii inakatika."

Ikakatika.

Kufikia jioni ya kesho yake mji mzima ulimwita Bwana Haukaliki. Alipokwenda Mwigobero kununua sato, Boke aliufunika ungo kwa khanga. "Nenda kanunue kunakokalika," akamwambia. Kinyozi alimwambia mkasi umepotea, na mkasi uko mkononi. Siku ya Alhamisi Wankyo alisikia kwamba Clementi ameondoka hotelini na begi lake. Akasema vizuri. Akaingia chumbani kwake, akalia mpaka kilemba kikalowa.

Jumamosi alipanda basi kwenda Bunda. Alitaka kukaa jikoni kwa mama yake, apepete mtama, asisikie simu ya mtu. Alipokata kona ya boma la ng'ombe alisimama ghafla. Uani, juu ya kigoda, kati ya malundo ya pamba nyeupe, alikuwa ameketi Clementi Mhando. Suti ya maziwa ilikuwa imegeuka rangi ya vumbi, na nywele zake zimejaa nyuzi za pamba. Alikuwa akiandika, na Mbuke alikuwa akisema.

"...Musoma? Mimi siwezi kukaa. Nilikaaga siku nne, nikarudi. Ng'ombe utafunga wapi? Jirani anapika, moshi unaingia kwako, na hata hamjasalimiana! Hapana, andika: haukaliki."

"Mama!" Wankyo akasema.

"Ee, umefika! Huyu kijana nimemkuta kwenye ghala la pamba, anauliza watu habari za Musoma. Nikamwambia binti yangu yuko kule, kwenye simu. Nusura kigoda kimwangushe."

Clementi alisimama. "Shikamoo yangu imeshapokelewa na mama. Kwako sijui."

"Umefuata nini huku?"

"Nimefuata majibu, mjini hakuna anayenijibu tena. Ulisema niliowauliza wote ni wageni."

"Mama yangu pia amekuambia haukaliki. Furahi basi. Kapige simu."

Mbuke alimtazama binti yake, akamtazama mgeni, akaelewa mambo mengi kwa mara moja. Akachukua kikapu chake akaelekea shambani bila kuaga.

"Wankyo, siku ile nilikuwa nawasomea watu wa ofisini majibu ya wageni. Neno lilikuwa lao. Laini ilikuwa mbaya, nikalirudia kama mwehu."

"Lilikuwa lao tu?"

Clementi angeweza kusema ndiyo, na Wankyo, jinsi alivyokuwa na hamu ya kumwamini, labda angeamini.

"Nusu lilikuwa lao," akasema. "Nusu niliamini. Nilikuwa na wewe na ziwa jioni, lakini asubuhi nilikuwa na bomba kavu na chai yenye wadudu. Nilikuambia mji ni mzuri kwa sababu ulikuwa umesimama mbele yake. Sikudanganya. Ila sikuwa nimeujua."

Wankyo alikaa juu ya gunia la pamba. Hasira yake haikutoka, lakini ilipata mahali pa kukaa.

"Kikao ni lini?"

"Alhamisi."

"Una majibu ya wenyeji wangapi?"

"Mama yako."

"Mungu wangu," Wankyo akasema, akajikuta anacheka bila kupenda. "Lete fomu. Tunaanza kesho."

Walianza Mwigobero. Wankyo alimshika Boke mkono, akamwambia, "Mjibu kwa ajili yangu." Na hapo Wankyo alipata mshangao. Alidhani watu wa mji wake watausifu. Wapi! Boke alilalamika juu ya maji kwa muda ambao ungetosha kuchemsha maharage. Mvuvi wa Mugango aliyehamia mjini alilalamikia zahanati. Mwalimu wa Kiriba alilalamikia nyumba, akitaja kila ufa ulioko ukutani kwake. Wageni walikuwa wamelalamika kwa upole kuliko hawa.

"Wananiangusha," Wankyo alimnong'oneza Clementi.

"Waulize la pili," Clementi akasema. "Hili halimo kwenye fomu. Waulize kama wangehama."

Wankyo akarudi kwa Boke. "Je, serikali ikikupa nyumba mji mwingine, ungehama?"

Boke alimwangalia kama aliyetukanwa. "Nihame niende wapi? Nani amekwambia nahamaga?"

Mvuvi alijibu hivyo hivyo, na mwalimu, na mshona viatu, na hata kinyozi, ambaye mkasi wake ulikuwa umeonekana. Kwa siku nne, kabla na baada ya zamu, Wankyo alizunguka Nyasho na mitaa mingine, Clementi nyuma yake akiandika pembeni mwa karatasi kwa penseli. Usiseme walikuwa wamepatana. Hakumruhusu amwite mpenzi. Lakini Jumatano walipomaliza, alimpa nusu ya hindi lake.

Alhamisi walipanda lori la ushirika mpaka Butiama. Ukumbi ulijaa maofisa, wajumbe wa mkoa wa jirani wenye tai, na wazee wa chama. Clementi alisoma taarifa yake yote, ya wageni na ya wenyeji, hakuficha hata neno moja la Boke. Alipoketi, mjumbe mmoja mnene wa upande wa pili akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, wenyeji wamezoea shida. Hawana pa kulinganisha. Sisi tuwasikilize wageni, ndio watakaokuja kufundisha."

Vichwa vikaanza kutikisika kukubali. Wankyo akasimama kabla hajajiamuru.

"Ndugu mwenyekiti, naomba nafasi. Naitwa Wankyo, ni opareta wa simu, Musoma. Mama Boke amefanya biashara Kisumu miaka sita. Mwalimu wa Kiriba amesomea Tabora. Wanapo pa kulinganisha, na wamerudi." Sauti yake ilinyooka, ile sauti iliyozoea kufika mbali. "Tazameni karatasi hizo. Wageni wamelalamikia upepo. Hakuna mwenyeji hata mmoja aliyeutaja upepo. Wametaja maji, nyumba na dawa. Upepo serikali haiwezi kuuhamisha. Maji inaweza kuyaleta. Anayewaambia kilichoharibika, na bado hataki kuondoka, huyo ndiye wa kujenga naye chuo."

Kisha mzee mmoja wa safu ya mbele akapiga meza kwa kiganja, mara moja, mara mbili, na wengine wakamfuata mpaka madirisha yakalia. Walipotoka kwenda kula chakula cha mchana uamuzi ulikuwa umepita: chuo kitajengwa Musoma, na bomba jipya la maji litangulie chuo.

Nje, wanawake wa Musoma waliokuja na lori walimbeba Wankyo juu juu. Alipowekwa chini kilemba kilikuwa kimefunguka, na Clementi alikuwa amesimama mbele yake amekishika.

"Nimeomba uhamisho," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Musoma."

"Watu wanaombaga kutoka, wewe unaomba kuingia?"

"Karani wa wizara ameniuliza mara mbili kwenye simu kama nimeelewa ninachoomba."

"Na mimi nikikukataa?"

"Nitaumia sana. Lakini nitakaa tu. Ombi nililituma kwa telegramu Jumatatu, kabla hujanipa lile hindi."

Wankyo alikuwa amengojea Clementi aseme anahamia kwa ajili yake, na kama angesema hivyo angemwogopa. Akachukua kilemba chake, akakifunga polepole, madaha yakiwa yamerudi yote.

"Basi uliza ulichotaka kuuliza."

"Wankyo, utakubali nikuoe?"

"Nakubali," akasema, kwa sauti ambayo hata dereva wa lori aliisikia, akapiga honi.

Hawakufika Musoma siku hiyo. Lori lilipofika Makutano, njia panda ya Bunda, waliteremka, wenzao wakaendelea wakiimba na kuwapungia, nao wakasimama upande wa pili wa barabara kungoja basi la Bunda. Jua lilikuwa linaelekea magharibi walipoingia kwenye njia ya shambani, wameshikana mikono mchana kweupe, jambo ambalo binti wa pale hakuwa akilifanya. Mbuke alikuwa katikati ya pamba, amejitwisha kikapu. Aliinua macho, akawaona. Akakitua kikapu chini, akajifuta midomo kwa upindo wa khanga, akapiga vigelegele kabla hajaambiwa neno.