Kyungu Aliyewekwa Mbele ya Kabwe

Mtoto alikuwa amefunikwa kitenge hadi kidevuni, na Pascasie hakukumbuka kumfunika. Alikuwa uani muda wote, akigeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, juani. Alikigusa kitenge. Kilikuwa kimelowa, na kilinuka matope ya ziwa.

Hakutafuta sababu. Mume wake, Ruphin, alikuwa safarini na treni ya Kabalo, na yeye alikuwa hajapata usingizi wa kutosha tangu ajifungue. Alimbadilishia mtoto kitenge, akajilaza kando yake, akasinzia na harufu ile puani.

Mtoto aliitwa Kyungu. Jina lilitoka kwenye kundi la WhatsApp ambalo Ulrich, binamu wa Ruphin aishiye Lubumbashi, alilifungua ili ndugu waliotawanyika wakusanye majina ya ukoo. Kila mmoja aliandika alichosikia kwa wazazi wake. Walipomfikia babu Kabwe, Ulrich aliandika: "Jamani, Kabwe ni jina la pacha wa pili. Kyungu njo wa kwanza, anatangulia. Kyungu wetu eko wapi?"

Hakuna aliyemjua, lakini walimchora mbele ya Kabwe kwenye mti wa ukoo. Norbert wa Moba akasema labda alikufa mdogo. Sylvie, aliyeolewa Kigoma, akasema labda alizama, maana mababu walikuwa wavuvi. Siku zikapita, neno "labda" likapotea. Watu wakawa wanaandika "marehemu Kyungu aliyezama" na kuweka alama za mikono ya sala.

Pascasie hakuwahi kuandika kitu kwenye kundi, kwa haya. Alipojifungua, alijikaza akaandika kwamba mtoto ni wa kiume na bado hana jina.

"Mumupatie Kyungu, arudi nyumbani!" Ulrich akajibu. Ndugu wote wakampongeza Mama Kyungu, naye akafurahi kuliko alivyotarajia.

Sasa kila alipochoka, kuna mtu alimsaidia. Mara kitanda kilitikisika polepole chenyewe. Mara aliona nyayo za maji sakafuni, ndogo kama za mtoto anayeanza kutembea, zikitoka mlangoni na kuishia kitandani. Na alasiri moja, macho yakiwa yamefumbwa na mgongo ukimuuma, alisikia sauti ya chini karibu na sikio lake, sauti yenye maji kooni, ikisema, "Lala, Mama. Nitamushika," na kwa kuwa alikuwa amechoka hata kuogopa, hakufumbua macho, akausikia uzito wa mtoto ukiondoka taratibu mkononi mwake, akamwachia.

Alipoamka, mtoto alikuwa baridi kama samaki. Tangu hapo akakataa titi la mama yake. Alitema maji ya matope na kuzidi kuwa mwepesi. Muuguzi alimpima, hakuona ugonjwa.

Pascasie akamwita shangazi wa Ruphin, Mama Émérence, aliyekuja kwa boti kutoka Mpala. Mzee huyo alinusa hewa ya chumba, akabaki mlangoni akisikiliza Pascasie akimsimulia jina lilivyopatikana.

"Nani aliwaambia Kabwe alikuwa pacha?"

"Ulrich, shangazi."

"Ulrich! Ule alikojoa kitandani mpaka akaota ndevu, njo anatufundisha ukoo?" Kisha akashusha sauti. "Kabwe alipewa jina la rafiki ya baba yake. Alizaliwa peke yake."

"Basi Kyungu ni nani?" Pascasie akanong'ona.

"Si mutu. Mutu anazaliwa kwanza, ndiyo anakufa. Hiyo ni jini, ilikuwa inapita bila jina. Mukaipatia jina, mukaipatia kifo, halafu mukaipatia mutoto."

Siku ileile, kwa agizo lake, kila ndugu alituma sauti yake kwenye kundi: "Kabwe alizaliwa peke yake. Hatuna Kyungu." Mama Émérence aliziachia sauti hizo zisikike chumbani, moja baada ya nyingine, huku akimwogesha mtoto na kumpa jina jipya, Ephraïm. Ya Ulrich ilitetemeka. Nyayo za maji zikatokea, safari hii zikielekea mlangoni, zikakauka kwenye vumbi la uani. Mtoto akapiga kelele, akanyonya kwa nguvu hadi Pascasie akalia.

"Usilitaje tena lile jina," shangazi alimwonya akipanda boti. "Mutoto akilia, umwache alie."

Na Ephraïm alilia. Alilia asubuhi, alilia maharagwe yakiungua, alilia mgongoni na alilia kifuani. Ruphin alikuwa amepita nyumbani na kurudi kazini. Siku ya nne, mchana, Pascasie alimweka kitandani, akaketi sakafuni akiwa amekipa kitanda mgongo.

"Kyungu," alisikia mdomo wake ukisema, "kuya hapa umushike. Kidogo tu."

Mtoto akanyamaza.

Pascasie hakugeuka kutazama. Aliegemeza kichwa kwenye ukingo wa kitanda, na kabla maji hayajaanza kudondoka shingoni mwake, alikuwa amelala.