Usitoke Katikati ya Daraja

Uchungu wa dada yangu Thomasin ulianza jua likielekea kuzama, na Gawen mumewe alikuwa mgodini.

"Jennet, mdogo wangu, kimbia kamwite Bi Elstob," aliniambia, ameuma pindo la shuka. "Pitia kivukoni. Usipite juu."

Nilifika kivukoni nikakuta hakuna pa kukanyaga. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na kijito kilikuwa kinabiringisha magogo.

Nikapanda juu, darajani.

Daraja la Cawburn lilijengwa enzi za babu zetu. Ni tao moja la mawe, limevuka korongo zima, ili farasi wavute magari ya makaa juu ya reli za mbao. Baadaye mgodi huo wa zamani ulijaa maji ukafungwa, watu wakahamia mwingine. Reli tuling'oa wenyewe tukazifanya kuni. Ukuta wa pembeni uliporomoka, ukabaki ukingo mtupu, na chini kabisa, mawe.

Kwenye mawe hayo ndipo walipomwokota mume wangu Cuthbert, msimu wa mavuno uliopita. Watu walisema ni pombe. Cuthbert alikuwa anapenda pombe, basi na mimi nikakubali.

Nilivuka mbio bila kuangalia chini. Hakuna kilichotokea.

Bi Elstob, mkunga wetu, nilimkuta anakula uji wa njegere.

"Mtoto wa kwanza?" aliuliza.

"Wa kwanza."

"Basi leo atamtukana Gawen matusi ambayo hata wachimba makaa hawayajui. Ngoja nichukue mfuko wangu." Akanyanyuka. "Kivuko kikoje?"

"Kimefurika, Bi."

"Wewe umepita wapi?"

"Darajani."

Akakaa tena. Alinitazama mpaka nikaona haya, kana kwamba nimevunja kitu chake. Halafu akavua shali yake, akaufunga mkono wangu wa kushoto na wake wa kulia. Akakaza fundo kwa meno.

"Bi Elstob, kuna nini?"

"Tukifika pale, tembea katikati. Hata usikie nini, hata uone nini... usitoke katikati."

"Nitasikia nini?"

"Twende, mwanangu. Dada yako anasubiri."

Tulipokanyaga daraja, mwanga ulikuwa bado upo kidogo, ule wa kijivu. Upepo ulikuwa umetulia. Tulitembea bega kwa bega juu ya nyasi zilizoloa. Tulipofika kati...

Kwato.

Nyuma yetu. Farasi mzito, anakuja anateremka.

Kisha magurudumu. Yalikuwa yanasaga mbao. Nikajiambia, mbao zipi? Reli zilishakuwa majivu kwenye meko yangu mwenyewe.

"Usigeuke," Bi Elstob alinong'ona.

Harufu ikatufikia. Jasho la farasi, na mbao inayoungua, kama breki ya gari iliyokazwa mpaka inatoa moshi. Vijiwe vikaanza kurukaruka miguuni petu. Sauti ya breki ikawa kilio kirefu, na kilikuwa kinakaribia... kinakaribia...

Mwili wangu wote ulitaka jambo moja tu. Kuruka pembeni.

"Simama hapohapo!" Mkunga alinivuta. "Simama, Jennet!"

Hapo ndipo nilipoitwa.

"Kindi."

Kwa upole. Kutoka ukingoni, upande wa kulia.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ananiita Kindi. Ni jina la chumbani, la watu wawili.

"Kindi wangu, sogea huku. Litakugonga. Njoo, nipe mkono."

Nikatazama. Cuthbert alikuwa amesimama, kofia imekaa upande kama kawaida yake, ameninyooshea mkono. Uso wake ulikuwa na hofu, hofu ya kweli, ya mtu anayekupenda.

Buti zake zilikuwa zimekanyaga hewa.

Na bado nilienda. Siwezi kusema uongo. Nilivuta ile shali kwa nguvu zangu zote, nikamburuta yule mama hatua nzima kuelekea ukingoni. Alijitupa chini kwa magoti akaning'ang'ania kiuno. Na yeye alikuwa analia, lakini hakuwa anasema na mimi.

"Niache, Ralph," alikuwa anasema. "Niache, bwana, nakuomba. Siji."

Pumzi ya farasi ikanigusa shingoni, ya moto, yenye unyevu. Nikafumba macho.

Likapita.

Likapita ndani yetu, baridi kama maji ya mgodini. Halafu kimya. Nilipofumbua macho, ukingoni hapakuwa na mtu.

Thomasin alijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti kama ya Gawen. Kulipopambazuka, mimi na mkunga tulikaa jikoni. Mikono yetu ilikuwa na alama nyekundu za shali.

"Ralph ni nani?" nikamuuliza.

"Mume wangu. Tulikuwa tunatoka kanisani kufunga ndoa. Lilipokuja, yeye aliruka. Mimi miguu ilikufa ganzi, nikabaki katikati. Ndiyo sababu niko hai, hakuna nyingine."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Wangesema nimemsukuma. Au wangesema mimi ni mchawi, na mkunga akiitwa hivyo mara moja tu, ananyongwa."

"Kwa hiyo Cuthbert hakuwa amelewa."

"Huenda alikuwa amelewa, mwanangu. Lakini aliruka kujiokoa."

Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Kisha nikauliza ni gari la nani, ni dereva gani aliyefia pale.

Bi Elstob alitikisa kichwa. "Hata mimi nilidhani ni dereva aliyekufa. Lakini mama yangu aliliona daraja likiwa jipya. Alisema farasi walikataa kupita tangu siku ya kwanza, wanageuza masikio nyuma wakisikiliza. Kabla hajafa mtu yeyote."

Alirudi kwake kwa kuzunguka bonde zima, safari ya kutwa.

Mimi nimebaki kwa dada. Jioni upepo ukitulia, huwa namsikia Cuthbert tena, mbali, kule juu. Haniambii tena nisogee. Ananiita jina tu, taratibu, kama mtu anayeona baridi.

Thomasin hufunga mlango kabla jua halijazama, na ufunguo analala nao yeye. Nilimwomba mimi mwenyewe.