Herufi Mbili Nyuma ya Karatasi Tupu

Jumatatu kulikuwa na vibonzo arobaini na karatasi moja tupu. Jumanne asubuhi, karatasi tupu ilikuwa na sikio.

Haika alilitazama hata koti hajavua. Sikio la kushoto, la penseli, lenye matundu matatu ya hereni. Akagusa la kwake. Matatu. Akatabasamu lile tabasamu lake la kusomea email zinazoanza na "unfortunately".

Hii ndiyo kazi iliyomwangukia baada ya maombi mia mbili na kumi: wiki moja ya majaribio katika ukumbi mkuukuu wa maigizo, London, kuorodhesha vibonzo vya waigizaji waliovuma hapo zaidi ya miaka mia iliyopita. Vimetundikwa ngazini kutoka chini mpaka juu, na ile karatasi tupu kwenye fremu ya mwisho. Bwana mwenye pua kama mdomo wa birika. Bibi mwenye kidevu kilichofika kiunoni. Mfalme wa jukwaani ambaye kichwa kizima ni meno. Mchoraji hakuwa na adabu hata chembe, na Haika alimpenda kwa hilo. Chini ya kila kibonzo mwigizaji mwenyewe ametia sahihi, kwa desturi ya ukumbi: ndiyo, huyu ni mimi, nichekeni.

Haika alikuwa na Master's ya historia ya maigizo, distinction, na viza inayokwisha mwisho wa mwezi. Reena, meneja, mzaliwa wa Kisumu anayeishi Kingsbury, mwenye kipini puani, alikuwa amemweleza bila kuzunguka: kazi ikikamilika Ijumaa bila dosari, contract na sponsorship ya viza vinasainiwa siku hiyo hiyo. Isipokamilika, all the best. All the best ya nchi hii Haika aliijua. Maana yake panga sanduku.

Kwa hiyo sikio halikumtisha, lilimtia shaka. Wenye funguo walikuwa watatu: yeye, Reena, na Lambert, mlinzi wa jengo, Mkongomani wa Bukavu ambaye shemeji yake aliomba kazi hii hii akaikosa. Mtu akitaka kukuharibia London hahitaji kwenda kwa mganga. Penseli inatosha, halafu ionekane ni wewe uliyechorachora mali ya kale.

Akaanza kumchunga Lambert. Alisikia penseli ikikwaruza juu ngazini, kwaru, kwaru. Akapanda mbio, akakuta fremu tu na harufu ya masizi iliyochanganyika na udi uliolowa maji. Lambert alikuwa chini muda wote, anabadilisha balbu. Haika akajiambia huyo ana mwenzake.

Jumatano karatasi ilikuwa na nywele za mtindo wa twende kilioni, alizosukwa jana yake jioni saluni, Thornton Heath, na hakuna aliyeziona kazini. Chini ya nywele, mdomo unaocheka. Na katikati ya meno ya juu, mwanya, mpana kama mlango wa kanisa.

Alimfuata Lambert stoo, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kama ana chuki amseme mbele ya watu, si kumchora meno. Lambert alisogea karibu. Alikuwa anamtazama mdomoni.

"Dada," akanong'ona. "Mwanya yako iko wapi?"

Ulimi wa Haika ukaenda mahali unapoendaga tangu utotoni. Ukakuta ukuta.

Lambert alifunga mlango wa stoo. Akamsimulia alichoambiwa na mzee aliyelinda jengo kabla yake: ile karatasi haiguswi, haitiwi jina, maana haiko tupu, inangoja.

"Muchoraji alikufa," alisema. "Ule mwenye alikuwa anamushika mukono, ule hakukufa. Lakini hawezi kukuchora kama hukumupa jina. Weye ulimupa?"

Haika alikataa, tena kwa ukali. Halafu akakumbuka. Chuo kilimfundisha kwamba kila karatasi uliyoikagua unaiwekea herufi za jina lako nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Hata tupu, tupu nayo ni document. Jumatatu alikuwa ameandika HM mara arobaini na moja, safi kabisa, kama mwanafunzi bora.

Lambert alimsihi afute. Lakini sheria ya kazi ilikuwa hiyo hiyo kila mahali: kilichoandikwa hakifutwi, na karatasi isiyo na herufi ni kazi ambayo haijafanyika. Siku mbili tu zilibaki. Haika akapiga hesabu ya mtu aliyekwisha kukataliwa mara mia mbili, akaona mwanya si kitu. Wangapi wanalipia kuuziba?

Alhamisi asubuhi simu yake ilikataa uso wake. Akaifungua kwa namba, akampigia mama yake Moshi kwa video. Mama alisogeza simu karibu na macho.

"Wewe nani? Simu ya mwanangu umeitoa wapi?"

"Mama, ni mimi."

"Sauti umeiiga vizuri. Hebu cheka."

Haika akacheka, vibaya.

"Mwanangu ana mwanya wa bibi yake," mama alisema taratibu. "Mrudishie mtoto wa watu simu yake." Akakata.

Alipanda ngazi saa tisa alasiri, mwanga wa Novemba umeshaanza kuchoka madirishani, na kila alipokanyaga kidato ule mkwaruzo ulimtangulia kidato kimoja, kwaru, kwaru, ukikoma anapokoma, ukianza anapoanza, na harufu ya masizi na udi ikamjaa mpaka akawa anaionja, na wale arobaini ukutani, ambao Jumatatu walitazama kila mmoja kwake, sasa wote walikuwa wamemgeukia yeye, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba hakuna hata mmoja anayecheka, kwamba kilichochorwa kikubwa ndicho walichonyang'anywa, na kwamba zile sahihi alizozisifia kwenye orodha yake ziliandikwa na mikono inayotetemeka.

Alifungua fremu. Karatasi ilikuwa na joto la shavu. Akafuta H, akafuta M, akafuta mpaka raba ikabaki kipande cha ukubwa wa dengu. Mkwaruzo ukakoma. Alipoigeuza, karatasi ilikuwa nyeupe, na ulimi wake ukaingia mwanyani.

Ijumaa Reena alikagua nyuma za karatasi zote. Contract ilikuwa mezani, haijasainiwa.

"Hii ya mwisho haina initials. Kwani ulilala?"

Haika alifungua mdomo. Mlangoni Lambert alikuwa amesimama na ngazi yake begani, anamtazama, anangoja aseme. Maneno yalikuwepo yote. Alitazama contract.

"Nilisahau, boss."

"Leta penseli basi. Nitaweka zangu, nani atajua."

Reena aliandika herufi zake mbili. Halafu akachukua kalamu ya wino akasaini contract. Lambert aliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hakumwita Haika dada tena.

Jumatatu asubuhi karatasi ilikuwa na pua, na kwenye pua kipini, kikubwa kama kitasa. Kutoka ofisini Reena aliuliza nani kaokota kipini chake, kwa sauti ya mtu ambaye hajaanza kuogopa.

Haika alivua koti. Akafungua orodha, akakata maneno "karatasi tupu", na kwa mwandiko wake mzuri akaandika: Na. 41. Kibonzo, penseli. Hakijakamilika.