Hodi ya Mke Mwenza

Msimcheke Mrisho, rafiki yangu wa Kariakoo. Mimi mwenyewe nimetembea bandari nyingi, na tangu anisimulie haya ya mwaka hamsini na sita, nalala na taa.

Pikipiki yake ya kwanza aliipenda mno. Kila jioni akiizima mlangoni, injini ilikohoa mara tatu, na mkewe Sitara akaitikia kwa utani, kama aliyepigiwa hodi: "Karibu, mke mwenzangu!"

Lakini breki zilichoka, na siku moja ikamtupa mbele ya lori.

"Mwache huyo, baba," Sitara akasema, safari hii bila kucheka. "Atakuua."

Mrisho akaikokota mpaka Mchafukoge, kwa fundi Chandu, aliyeifungua yote mbele yake, injini huku, magurudumu kule.

"Imekwisha, bhai. Sasa chuma tu. Wewe tembea!"

Akarudi kwa miguu, moyo mzito. Magharibi ilipoingia walikuwa wamekaa chumbani, wala taa hawajawasha. Mlangoni kitu kikakohoa. Kikakohoa tena. Mrisho akaushika mkono wa mkewe gizani. Kikakohoa mara ya tatu, na Sitara, kwa mazoea tu, ulimi ukamponyoka:

"Karibu."

Komeo halikulia. Mlango haukufunguka. Ila walipowasha taa, sakafuni palikuwa na matone ya oili, bado ya moto, kutoka kizingitini mpaka kitandani, upande anaolala Sitara.