Mgonjwa wa Chumba cha Nne

Siku ya pili ya masomo, Placide aliingia chumbani mwake baada ya chakula cha mchana, akavua viatu, akajilaza, na shavu lake likakuta mto una joto. Halikuwa joto la jua, maana pazia lilikuwa limefungwa na shuka upande wa miguu ilikuwa baridi. Lilikuwa joto la kichwa cha mtu aliyeinuka sasa hivi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi. Aliugeuza mto, akajiambia ni uchovu, akalala. Kengele ilipolia aliamka na maumivu mabegani, kama mtu aliyebeba magunia muda wote huo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, Likasi, mji wa migodi. Kampuni ya madini ilikuwa imewakusanya watu kumi na wawili katika nyumba yake ya wageni kule kilimani, wiki sita, wafundishwe uongozi haraka haraka. Wakubwa wa zamani, wengi wao watu waliotoka Kasaï, walikuwa wamefukuzwa jimboni na wenyeji mwaka uliotangulia, na viti vyao vilihitaji makalio mapya. Placide, aliyekuwa fundi umeme kwa miaka ishirini, alipewa kiti cha Urbain, aliyekuwa mkubwa wake. Profesa Damas, aliyetoka Lubumbashi, aliwafundisha tangu saa moja asubuhi hadi saa sita, kisha tena tangu saa nane hadi jioni. Katikati aliwaamuru walale. Kiongozi asiyejua kupumzika, aliwaambia, hajui kuongoza. Walicheka, lakini wote walilala, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na shuka nzima, maji ya bomba na nyama mezani, vitu ambavyo kule mjini watu walikuwa wameanza kuvisahau.

Siku ya nne ilikuja harufu: chokaa, moshi wa makaa, jasho la homa. Placide aliijua. Hivyo ndivyo stesheni ilivyonuka mwaka ule wa kufukuzana, maelfu ya watu waliposubiri treni wiki baada ya wiki, na chokaa ikamwagwa juu ya uchafu wao. Alifungua dirisha, harufu haikutoka. Kesho yake akasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, kidogo, kikatulia, kisha kidogo tena, kama mzigo wa mtu asiye na nguvu.

Élisabeth, mama aliyefua mashuka ya nyumba ile, alimzuia koridoni akiwa ameinamisha macho. Alisema kwa sauti ya chini, "Papa Placide, shuka yako inalowa jasho pande mbili."

Jioni hiyo Profesa Damas naye alimwita kando. Alimwambia kwa adabu kwamba mambo ya mwanamume saa ya mapumziko ni yake mwenyewe, ila huyo mwanamke wa chumba cha nne anakohoa mno, wenzake hawalali. Afadhali ampeleke hospitali. Placide aliapa hana mwanamke yeyote humo. Damas alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi ambaye hakusoma somo lake.

Mchana uliofuata alijilaza chali na nguo zake zote, macho wazi, akisikiliza bati la paa likilialia kwa jua na wenzake wakikoroma nyuma ya kuta, akaanza kuamini kwamba leo hakuna kitu, mpaka godoro upande wa ukuta likaanza kubonyea, polepole, kwanza kama mkono unaopima kama kuna nafasi, kisha kiwiko, kisha nyonga, kisha uzito wote wa mtu anayejilaza kwa uangalifu asimwamshe mwenzake, na pumzi ya moto ikamfikia shingoni, fupi fupi, yenye harufu ya kwinini, na yeye asiweze kugeuza kichwa wala kuita, ulimi umemganda, miguu si yake tena, hadi sauti aliyoijua ikasema sikioni mwake, kwa unyenyekevu, kama mgeni aliyechelewa:

"Papa Placide, minye nachoka. Uniache nilale kidogo tu. Kisha nitaenda."

Ilikuwa sauti ya Mbombo, mke wa Urbain. Mbombo alikufa stesheni mwaka ule.

Alishuka kilima mbio, na soksi tu miguuni, hadi nyumbani. Hakumweleza mkewe Clémentine zaidi ya kwamba chumba kina pepo. Clémentine akamtafuta Mama Orpa, kiongozi wa kikundi cha maombi, mwanamke aliyesifiwa mji mzima kwa kufukuza mapepo. Jumapili, saa ileile ya mapumziko, watatu hao wakaingia chumba cha nne. Nyumba ilikuwa tupu.

Mama Orpa alipaka mafuta mlangoni, akaanza kuomba kwa nguvu, na katikati ya sala akanyamaza. Akaweka kiganja juu ya shuka, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kisha akauliza polepole:

"Papa, uyu mama alikuomba nini?"

Placide alijibu kwamba hajui. Kitanda kikalia, ingawa hakuna aliyekikalia. Ndipo Placide akasema.

Siku watu wa Kasaï walipofukuzwa, Urbain alikuja mlangoni pa Placide akimshikilia mkewe, mwenye malaria kali. Treni haikuwa imefika. Hakuomba kufichwa wala kulishwa. Aliomba Mbombo alale kivulini mpaka jua lipungue. Placide alitazama barabara huku na huku. Vijana wenye vyuma walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Akajibu kwamba nyumba imejaa watu, na haikuwa na mtu, maana Clémentine alikuwa Kambove na watoto. Akafunga. Kupitia ufa wa dirisha alimwona Mbombo akikaa ukingoni mwa mtaro, akishindwa kuinuka, akiinuliwa. Alikufa baada ya siku tatu, juu ya magunia.

Clémentine alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Mbombo ndiye aliyekesha naye siku mbili alipomzaa Jean-Luc, mtoto wao wa mwisho, wakati kila mtu alishakata tamaa.

"Uliniambia balienda bila kuaga," alisema.

Placide alisema wangechomewa nyumba. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyembishia. Alimwomba Mama Orpa amalize kazi, amtoe, ili apumzike, masomo ni magumu na bado wiki tano. Mama Orpa akafunga chupa yake ya mafuta.

"Uyu, batu balishamufukuza mara moja, kwa jina la inchi," alisema. "Minye sitamufukuza mara ya pili kwa jina la Yesu."

Akatoka. Clémentine alibaki nyuma kidogo, akainama juu ya kitanda, akanong'ona jambo ambalo Placide hakulisikia.

Tangu siku hiyo chumba kilinyamaza. Élisabeth alisema mashuka ni makavu. Lakini Placide hakuthubutu tena kujilaza. Saa ya mapumziko alikaa uani kwenye kiti, na kwa kuwa alisoma wenzake wakilala, akamaliza wa kwanza. Profesa Damas alimpa cheti mbele ya wote, akampongeza kwa bidii, akamshauri apumzike.

Alifika nyumbani mchana, na tai shingoni. Kitanda chao kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, karibu na dirisha, kimetandikwa shuka ya harusi. Clémentine alikaa kwenye kigoda kando yake, akikamua kitambaa ndani ya beseni la maji. Juu ya kitanda hapakuwa na mtu. Ila godoro lilikuwa limebonyea tangu kichwani hadi miguuni, na shuka ilipanda na kushuka, taratibu.

Placide alisema masomo yamekwisha, amechoka, anataka kulala.

Clémentine hakugeuka.

"Sema polepole, Papa Jean-Luc. Njo sasa anaanza kulala."

Placide akatoka, akakaa juani kwenye ngazi ya mlango wake.