Siti ya Pili Haijabonyea

Krrrr... tap!

Gizani, kabla hata jirani hajapiga kikohozi chake cha alfajiri, Fundi alifumbua macho. Sauti ile angeitambua hata akiwa kwenye usingizi wa pono. Ilikuwa futi yake ya chuma ikijirudisha yenyewe. Mwanamke anayeshona viti vya magari kutwa nzima hawezi kuikosea futi yake.

Mumewe alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha binti yao, Pipi, simu ameibana kwa meno kama tochi.

— Unampima mtoto?

— Shhh! Utamwamsha.

— Breki, mtoto anapimwa kama kabati?

— Nataka tu kujua amefika wapi. Si anakua?

— Anakua saa kumi na moja alfajiri?

Breki ni jina alilopewa na madereva wenzake wa kiwanda cha mikate, kwa sababu gari lake la kusambazia lina kidhibiti mwendo. Wiki ya tatu sasa hakuwa mtu wa kutulia. Anakaa, anasimama. Anafungua friji, anaitazama, anaifunga. Hata akila, goti linacheza chini ya meza.

Alipoingia bafuni, simu yake ikalia. Fundi hakuwa mpekuzi, ila ujumbe ulijileta wenyewe machoni:

"Njoo leo saa nne. Kuna mwingine analitaka. Gari ni la siti mbili, familia iache nyumbani."

Mumewe alipotoka, taulo shingoni, akamkabidhi simu.

— Nilitaka kukwambia.

— Lini? Ukishalipaki mlangoni?

— Ni la mbio, Fundi wangu. Limetumika, lakini likinguruma unalisikia mpaka kwenye magego.

— Na akiba ya karakana yangu?

— Tutaanza tena.

— Haya, akiba tuiache. Siti mbili, na sisi tuko watatu. Niambie ukweli, umetuchoka?

— Nani kasema?

— Mwili wako! Kwenye kochi humalizi dakika tano. Kama unaondoka, sema nijue moja.

Breki akaketi ukingoni mwa kitanda. Kwa mara ya kwanza goti likatulia.

— Mwaka wa sita naendesha mikate. Nikizidisha mwendo kidogo tu, gari linalia kama kichanga. Nina miaka thelathini na mmoja na najiona mzee. Ni hilo tu, wallahi.

— Basi twende wote. Nikamwone huyo mke mwenzangu.

Saa nne kamili walikuwa uani kwa muuzaji, mtu mzima mwenye shati lililonyooshwa vizuri kupita kiasi. Gari lilikuwa jekundu, limeinama chini kama paka anayevizia.

— Shemeji, nilisema familia...

— Familia imekataa kubaki, Fundi akamkatiza.

Breki akawasha. Geti zima likatetemeka. Mtoto akaziba masikio huku anacheka. Fundi hakulitazama gari, alimtazama mumewe. Hakuwa ameuona uso ule ukiwaka hivyo tangu siku binti yao alipozaliwa. Nusura aseme, "Nunua, yaishe."

Lakini mikono ya fundi haina adabu. Ilishaanza kubonyeza viti, kupapasa mishono. Siti ya dereva ilikuwa imebonyea, ngozi imepasuka pembeni. Akahamia ya pili. Akaibonyeza mara mbili, tatu.

— Kaka, siti hii uliibadilisha?

— Hapana, zote ni za kiwandani.

— Umelitumia muda gani?

— Miaka tisa.

— Miaka tisa, na sponji haijabonyea! Uzi bado unang'aa. Hapa hajakaa mtu.

Muuzaji akacheka, kisha kicheko kikamkaukia.

— Wewe ni fundi au mpiga ramli? Mke wangu alipanda mara mbili. Alisema humu ndani hatusikilizani. Nikamwambia utazoea. Sasa yuko kwa dada yake.

Breki akazima injini.

— Fundi wangu, mimi sikuwa nawaacha. Nilishapima. Nyuma ya siti kuna nafasi, na Pipi anaenea pale. Nilitaka umshonee kigodoro, halafu nikuonyeshe.

— Ndiyo ile futi ya alfajiri?

— Ndiyo.

Fundi akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

— Yaani umempima mwanangu kama kreti la mikate!

— Nimempima ili asibaki!

Hapo hasira yote ikamwisha. Akaushika mkono wa mumewe, ule wenye harufu ya unga hata siku ya mapumziko.

— Nilidhani unatukimbia. Kama unatubeba, sikuzuii. Mweke tuone. Pipi akiridhika, lichukue; asiporidhika, liache.

Breki akambeba binti yake, akampitisha katikati ya viti, akamkalisha taratibu. Alienea kweli, kama alivyopimwa, magoti kidevuni. Fundi akaingia siti ya pili, na sponji ikabonyea kidogo. Muuzaji akasimama dirishani na hati mkononi.

Breki akatazama kwenye kioo cha juu, akaona vinywele tu.

— Pipi, umekaa vizuri, mama?

— Baba, huku sioni nje.