Miguu Yangu Chini ya Turubai

"Duka hili limefungwa. Mwenye nalo amehama."

Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa chini ya picha, ukutani, mbele ya ukumbi mzima.

Duka lenyewe... ni langu!

Na huyo aliyehama ni mimi, niliyekaa kiti cha nyuma kabisa, mkoba mapajani, mdomo wazi kama mlango wa choo cha stendi.

Nikakaza macho. Turubai la bluu lilikuwa limeshushwa mpaka karibu na chini. Karibu, lakini si chini kabisa. Pale palipobaki uwazi ilionekana miguu miwili. Ndala za njano. Mguu wa kulia umekanyaga pedali ya cherehani.

Jamani, nilikuwa ndani nashona!

Sasa subirini. Msinihukumu kwa nilichofanya na zile ndala kabla hamjajua tulikotoka.

Mimi ni fundi wa nguo. Mtaani wananiita Spika, kwa sababu nikianza kusema hakuna kitufe cha kunizima. Shule niliiacha njiani. Siasa nimejifunza kwenye magazeti ya kukatia patroni: nakata bega nasoma bajeti, nakata mkono nasoma kesi ya waziri. Na nikishasoma, sisahau.

Nakumbuka walipochimba mtaro wa bomba la maji mbele yetu wakaahidi kuufukia "hivi karibuni". Mwanangu alikuwa hajaota meno. Umefukiwa ana ndevu!

Kwa hiyo waliposema treni ya umeme itapita barabarani kwetu, wenzangu walipiga makofi. Mimi nilienda kununua gumbuti.

Safu yetu ya maduka imepinda kama kiwiko. Kwenye kona kuna saluni ya Shosti wangu, mlango wake unatazama milango yetu sote. Halafu mimi, halafu mgahawa wa mama yangu mzazi, halafu Kinyozi, na wengine mpaka mwisho.

Mbele yetu wakachimba shimo refu. Mbele ya shimo wakasimamisha mabati. Ukiwa barabarani unaona mabati na anga, basi. Mteja akitaka kuja kwetu azunguke kwenye tope, apenye kwenye kichochoro, aombe Mungu.

Mdada anakuja kupima gauni la sendoff, anafika kwangu kama ametoka kulima mpunga. Unadhani atarudi?

Mama yangu alikuwa anachemsha chai asubuhi, jioni anaimwaga. Akiimwaga ananipa mgongo nisione uso wake.

Tumaini letu lilikuwa moja tu: kivuko. Daraja la mbao juu ya lile shimo, na uwazi kwenye mabati. Injinia wa mradi alishatangaza kwamba kivuko ni kimoja, na kitakaa penye maduka yanayofanya kazi. Kikija kwetu, tumepona. Kikienda kwingine... sisi ni maiti, bado kuzikwa.

Ndipo akaja Bwana Tabasamu.

Hilo ni jina nililompa mimi. Cheo chake ni Afisa wa Dawati la Msaada kwa Wafanyabiashara. Meno yote nje, muda wote, kama anauza dawa ya meno.

Mimi nilimjua. Yeye hakunijua. Sare za harusi yake, upande wa bibi harusi, nilishona mimi! Namkumbuka mpaka baba mkwe wake, mzee mmoja mwenye kitambi, mjenzi wa maduka ya kupangisha, aliyekataa kupimwa kiuno. "Kadiria tu, fundi." Nikakadiria. Suruali ikapasuka kwenye keki.

Nikanyamaza. Nikasema ngoja nimwone.

"Shikamoo, mama yangu mzuri!" akamwambia mama.

"Marahaba, baba."

"Vumbi linakutesa, eh?"

"Ah, baba, mpaka kwenye sukari limo."

"Basi nimekuletea dawa."

Dawa yenyewe ikawa maturubai. Bluu, mapya, bado yananuka plastiki. Kila duka lake.

"Mashine ya kukata zege ikianza asubuhi, shusheni. Ikizima, pandisheni. Afya kwanza!"

"Na kivuko je?" nikauliza.

"Dada yangu, hilo linashughulikiwa."

"Na nani?"

"Na wahusika."

"Wahusika wana majina, au ni mashetani?"

Akacheka. Akaniruka, akaenda kumpa mkono Kinyozi, akamkumbatia kabisa, "ndugu yangu, ndugu yangu". Halafu akageuka upande wangu bila kujua namtazama. Akatoa kitambaa, akajifuta kidole kimoja kimoja. Kama aliyeshika panya aliyeoza.



Nikamwambia Shosti. Akasonya.

"Wewe Spika, hata ukiingizwa peponi utauliza choo kiko wapi!"

"Nitauliza ndiyo. Na nani anakisafisha."

"Mtu kakupa kitu bure bado unanuna?"

Na kweli, vumbi lilikuwa linatia madoa nguo za watu. Basi na mimi nikashusha. Ila nikaacha uwazi chini, maana giza na sindano havipatani.

Hapo ndipo miguu yangu ilipobaki nje.

Turudi ukumbini sasa, kwenye mkutano wa mradi kuhusu kivuko.

Mbele alikaa Injinia, mama mwembamba, kofia ngumu mapajani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Pembeni yake Bwana Tabasamu anabonyeza picha. Mgahawa wa mama, umefungwa. Kinyozi, amefunga. Turubai, turubai, turubai.

Injinia akasema, "Kwa kuwa safu hii imeshahama, kivuko kitakwenda kule mbele, kwenye maduka mapya."

Bwana Tabasamu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kununua.

"Inauma, ndugu zangu. Lakini ndiyo hali halisi."

Nikasimama.

"Afisa, rudisha picha ya duka la nguo."

"Dada, maswali ni mwisho."

"Rudisha!"

Akarudisha. Nikavua ndala moja. Ya njano. Nikainyanyua juu.

"Hii ni nini?"

Nikawaonyesha watu, kulia na kushoto.

"Na ile pale ukutani, mguuni kwa huyo aliyehama, ni nini? Au nimehama nikasahau miguu?"

Watu wakaangua kicheko! Injinia hakucheka. Alisogeza kiti, akaitazama picha, akanitazama mguu.

"Kwa hiyo ulikuwa ndani?"

"Wote tulikuwa ndani! Tumeshusha kwa sababu huyu alituambia tushushe."

Tabasamu likabaki pale pale, ila jasho likaanza kulizunguka.

"Picha hatukupiga sisi," akasema haraka. "Tumeletewa na wafanyabiashara wenyewe!"

Nani?

Ndipo nikakiona. Kwenye ukingo wa picha, upande wa kushoto, kulikuwa na kitu cheusi chenye nywele nyekundu. Kile kichwa cha plastiki cha kuonyeshea mitindo ya nywele. Kila siku kinakaa kwenye kizingiti cha saluni, uso wake unatazama nje.

Lakini pichani tunaona kisogo.

Aliyepiga alikuwa amesimama ndani ya saluni.

Nikageuka taratibu. Shosti alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu. Anachezea pete.

"Shosti..."

Akaizungusha pete kidoleni.

"Shosti, birika langu na lako ni moja. Niambie si wewe."

"Aliniahidi kibanda," akasema kwa sauti ndogo.

"Kibanda gani?"

"Ndani ya stesheni. Treni ikianza. Kibanda ni kimoja tu. Alisema nisimwambie mtu."

Mwili ulinisisimka kama nimekanyaga konokono peku. Mtu niliyemshikia mtoto akiwa leba! Mtu anayejua siri ya talaka yangu!

"Umeniuza kwa kibanda?"

Kabla hajajibu, Kinyozi akaruka kama amemwagiwa maji ya moto.

"Muongo! Kile kibanda ni changu! Afisa aliniahidi mimi! Mimi ndiye niliyewaambia wote wachelewe kupandisha!"

"Changu!" akadakia mwenye duka la dawa.

"Hee! Na mimi je, niliyesema Spika asichaguliwe kwenye kamati ya maduka yetu?" akapiga kelele fundi viatu.

Jamani... kibanda kimoja. Kimeahidiwa safu nzima! Kila mmoja kwa sikio lake, kila mmoja kwa "usimwambie mtu".

Nikawatazama mmoja mmoja. Hawa ndio tuliokuwa tunakopeshana sindano na sabuni. Kila mmoja alikuwa anamwangalia jirani yake akizama, huku yeye anahesabu viti vya stesheni kichwani. Nilitamani kutema mate palepale, sema sakafu ilikuwa haina kosa.

Nikamgeukia mtu pekee aliyekuwa kimya.

"Mama, umewaona hawa?"

Mama akawa anakunja ncha ya mtandio wake. Anakunja, anakunjua.

"Mama?"

"Nilisema nikikipata tutakaa wote, mwanangu," akanong'ona. "Cherehani yako ingeenea pale pembeni."

 Nikakaa, ndala mkononi.

Mimi peke yangu sikuahidiwa kitu. Na msinipe sifa! Si kwamba ni malaika. Alijua nikipewa siri nitaitangaza kabla hajafika getini.

Injinia akauliza polepole, "Afisa, yale maduka mapya kule mbele ni ya nani?"

"Ni ya... mwekezaji."

Mwekezaji! Kumbukumbu zangu zikanyanyuka kabla yangu.

"Injinia, huyo mwekezaji ana kitambi?"

"Unamaanisha nini?"

"Ni baba mkwe wake! Suti ya harusi nilimshonea mimi. Akisema namsingizia, mwambie anyanyue mkono aape."

Mkono haukunyanyuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue mtu yule, midomo ilifunika meno.

Injinia akafunga mashine ya picha.

"Kesho asubuhi nitakuja mwenyewe. Nikikuta maduka yamefungwa, kivuko kinaondoka."

Kesho yake mashine ya zege ikaanza kunguruma. Vumbi likapanda kama moshi wa moto wa majani. Kwa mara ya kwanza, hakuna aliyeshusha turubai. Kinyozi ananyoa, mteja ana mvi za vumbi. Mimi nashona, nakohoa. Shosti anasuka amefunga mdomo na kanga.

Injinia akafika, akaketi kwa mama. Mama akamwekea chai. Juu yake likatua tabaka la vumbi, kama ngozi ya maziwa.

Mama akataka kuimwaga.

"Acha," Injinia akasema. "Wateja wako wanakunywa hii?"

"Wakifika, mwanangu. Hawafiki."

Akainywa yote. Akafuta mdomo kwa kiganja, akawaonyesha mafundi wake kidole.

"Kiwekwe hapa."

Kikawekwa. Wateja wakarudi, mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Mama sasa chai inamwishia mchana.

Na mkipita mtamsikia Kinyozi akiwahadithia watu: "Sisi hapa tulipigana bega kwa bega!" Ptuu! Bega lipi? Lile ulilolikunja upate kupenya kibandani? Nakumbuka, kaka. Na nitakumbuka mpaka siku yako ya kuvishwa sanda.

Shosti alikuja na birika. Nikalipokea. Chai yake sikunywa. Tukazoea hivyo: analeta, napokea, inapoa.

Mnadhani Bwana Tabasamu alifukuzwa?

Juzi kaja mteja mgeni, amevuka darajani, mwanamke anayeuza vyombo mtaa wa nyuma, ambako reli ndiyo inaelekea. Kabeba kitu kimekunjwa kwapani.

"Fundi, nipunguzie hili urefu. Linaburuza."

Akalikunjua mezani. Bluu. Jipya. Bado linanuka plastiki.

Mguu wangu ukaganda kwenye pedali.

"Nani kakupa?"

"Dawati la Msaada. Kuna kaka mmoja pale, mpole, muda wote anacheka!"

"Kakwambia ushushe mashine ikianza?"

"Eh, unamjua? Mtu mzuri kweli. Tena..." Akatazama huku na huku, akainama. "Kuna jambo kaniambia, ila kasema nisimwambie mtu."

Shosti alikuwa mlangoni, birika mkononi. Akaliweka chini taratibu.

"Ni kibanda?" akauliza.

Yule mama akashtuka, akashika kifua.

"Umejuaje?!"

Shosti akaegemea mlango. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Nikavuta kigoda, nikamkalisha yule mama katikati yetu, nikachukua vikombe vitatu. Na siku ile, kwa mara ya kwanza tangu ukumbini, ile chai niliinywa.

Turubai sikulipunguza. Tulilibeba hivyo hivyo, sisi watatu, tukaenda nalo mtaa wa nyuma, duka kwa duka, tukiuliza kila mtu swali moja: "Na wewe kakuahidi kibanda?"

Wote walinong'ona ndiyo. Wa mwisho walikuwa hawanong'oni tena, walikuwa wanapiga kelele.

Ndugu msomaji, ukipewa kitu cha kujifunika, uliza kwanza nani hataki uonekane. Na ukiambiwa "usimwambie jirani", kimbia ukamwambie jirani. Huenda ukamkuta njiani anakuja kukwambia wewe.